Nimemwongezea Mwanafunzi Wangu Miaka, Sasa Naogopa Atakufa Mbioni

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa upande wa Tanga. Jina lake tunalo, lakini kwa ombi lake hatutalitaja, na la msichana tumelibadili.)

Bwana Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu, umri wangu miaka thelathini na mitatu, nina mke na watoto wawili. Kwetu ni Kigombe, ila nafundisha katika shule iliyo ndani ya shamba la mkonge, na nyumba ninayokaa ni ya shamba. Naandika kwa haraka, mniwie radhi kwa mwandiko.

Pamoja na hesabu, nafundisha watoto mbio. Ujanani nami nilikuwa mkimbiaji. Nilipokuwa na miaka kumi na minne walimu wangu walinikimbiza kila mbio iliyotangazwa, fupi na ndefu, siku moja, mpaka goti likaharibika na sikukimbia tena. Basi nikaapa kwamba watoto wangu nitawakuza polepole. Wadogo nawachezesha rede na kuruka kamba. Wakubwa kidogo nawakimbiza kwenye majani, siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki wapumzike. Wenzangu walinicheka, wakasema nalea mayai.

Miaka miwili iliyopita akaja Veronika, binti wa mkata mkonge aliyetoka bara. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wallahi, sijaona mtoto anayekanyaga ardhi kwa wepesi namna ile. Nilimwambia baba yake, "Mzee Tobiasi, huyu tusimharakishe. Akifika miaka kumi na saba, Tanganyika nzima itamjua." Mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, hata mkonge mchanga hatuukati. Mlee wewe, mimi sijui mbio."

Aliniamini hivyo.

Mwaka huu Bwana Meneja wa shamba akamwona mazoezini. Akaniita ofisini, akasema anataka Veronika akimbie kwenye michezo mjini Tanga, yadi mia mbili na ishirini asubuhi, na nusu maili alasiri. Nikamwambia bado mdogo, na mbio zile ni za wasichana wa miaka kumi na sita kwenda juu. Hakupandisha sauti. Alinisukumia karatasi tu, akasema, "Mwalimu, nyumba yako ina vyumba viwili, sivyo? Wapo wengi wanaoitaka." Nikaichukua kalamu. Penye umri nikaandika kumi na sita, nikatia sahihi. Mtoto ana miaka kumi na mitatu.

Asubuhi alishinda. Alasiri jua likiwaka, akatoka na wasichana wanaomzidi kichwa kizima. Kwenye kona ya mwisho nikaona uso wake umekuwa kama majivu. Nilitaka kupiga kelele aache, sikupiga. Akawapita wote, akavuka mstari, akaanguka. Nilipomwinua, midomo imebadilika rangi, macho wazi, akaniuliza, "Mwalimu, mbona kumekuwa giza?" Ilikuwa saa tisa mchana. Baada ya kitambo akaona tena. Watu wa shamba wakambeba mabegani wakiimba, wakidhani ni uchovu wa ushindi.

Kesho yake nikampeleka kwa dresa wa zahanati ya shamba. Alimsikiliza kifua muda mrefu, kisha akamtoa nje, akaniambia, "Moyo huu unakwenda kombo. Mpeleke hospitali kubwa mjini, daktari ampime. Na asikimbie hata kufukuza kuku."

Nikasema nitampeleka. Sikumpeleka. Ni miezi miwili sasa. Niliogopa wataniuliza umri wake, na nani aliyemkimbiza, na ile karatasi itatafutwa. Baba yake sijamwambia neno.

Nilidhani nitamzuia kimyakimya, nikawa namwambia apumzike. Kumbe mtoto akaona nimemkatia tamaa. Juzi Mzee Tobiasi akanisimamisha njiani, amejaa furaha. "Mwalimu, kila alfajiri anakimbia peke yake kwenye njia za mkonge kabla ya kengele ya kazi. Bwana Meneja ameahidi, akishinda kwenye michezo ya Dar es Salaam, atampeleka shule ya bweni. Mwanangu atakuwa muuguzi!" Nikaitikia, nikaenda zangu.

Asubuhi iliyofuata nikamfuata huko kwenye mkonge. Nikamkuta amechuchumaa, mkono kifuani. Aliponiona akasimama haraka. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yanakwenda, yanasita, yanakimbia. Nikamwuliza tangu lini. Akaanza kulia. "Tangu Tanga. Usimwambie baba, Mwalimu. Nikiachwa safari hii, bweni ndiyo basi, nitapelekwa kwenye singa na mama." Singa ndiko wanakochambua na kuanika nyuzi za mkonge.

Safari ya Dar es Salaam ni mwezi ujao na jina lake liko kwenye orodha, chini yake umri niliouandika mimi. Mke wangu, niliyemweleza peke yake, ananiambia, "Sema, tutarudi Kigombe tukalime." Lakini nikisema, nitafukuzwa, pengine nitashtakiwa, na mtoto atapoteza shule, na baba yake atajua kuwa aliyemkabidhi mwana ndiye aliyemuumiza. Nikinyamaza, naiona ile kona ya mwisho tena na tena, na safari hii hainuki.

Kula nimeshindwa. Kila asubuhi nikiita majina darasani, nikifika kwa Veronika moyo wangu unasimama mpaka nisikie, "Nipo, Mwalimu."

Ndugu wasomaji, wazazi na walimu wenzangu, nitukaneni, ni haki yangu, lakini nishaurini kabla gari halijaondoka: nianzie wapi, kwa baba yake, kwa daktari, au kwa Meneja? Nifanye nini?