Tangi la Kioo Kando ya Kitanda

Daktari aliponiambia nisitoke kitandani, mume wangu hakuuliza chochote. Mimi ndiye niliyebishana. Nilitaka kujua kama ningeweza kwenda kwenye kibanda changu cha kushona pale Hai Jalaba, angalau asubuhi tu, nikae kwenye kiti, nipime wateja na kukata vitambaa bila kukanyaga cherehani. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema mlango wa kizazi ameufunga kwa uzi, lakini uzi nao una kiasi chake. Kwenda chooni na kurudi kitandani, basi.

Tulikuwa tumepoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka nyumbani Kitale, kabla hatujahamia Juba kutafuta riziki. Ya pili ilitoka hapahapa, nikiwa nimeinama juu ya cherehani. Kwa hiyo nilirudi Munuki, katika vyumba vyetu viwili ndani ya kiwanja cha wapangaji, nikalala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa. Ukuta niliougeukia ulikuwa wa kijani, umebanduka rangi karibu na dirisha. Nikawa nausikiliza mwili wangu kutwa nzima. Kila kilichonichoma mgongoni au kunivuta kiunoni kilinifanya ninyanyue shuka nitazame kama kuna damu. Wakati mwingine nilitazama hata bila kuhisi kitu.

Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi. Hawezi kukaa mbele ya jambo lililoharibika huku mikono yake ikiwa haina kazi. Jioni moja alirudi na kusema kwamba kuna duka Malakia ambalo kabati lake la kuwekea bidhaa limevunjika, na mwenye duka, Msomali wa Garissa ambaye mume wangu humtengenezea friji, amemruhusu kuchukua vioo vilivyobaki.

"Vya nini?" nikamuuliza.

"Nikutengenezee tangi la samaki. Upate kitu cha kutazama zaidi ya huo ukuta."

Nilimwambia sitaki. Nilimwambia sioni sababu ya kuleta ndani ya nyumba hii kiumbe kingine ambacho kinaweza kutufia. Kesho yake nilisikia kioo kikikatwa nje ya mlango.

Alilitengenezea kwenye baraza kwa sababu gundi ya silikoni ina harufu kali, kama siki iliyomwagika. Alipolijaza maji mara ya kwanza lilivuja kwenye kona. Alilimwaga, akalikausha, akakwangua gundi yote akaanza upya, na katika kazi hiyo yote hakunisemesha wala mimi sikumsemesha. Aliniletea chakula, akanisaidia kuoga, akanisugua miguu iliyokuwa imevimba, lakini kuhusu tangi tulikuwa kama watu waliogombana. Lilipoacha kuvuja aliunda meza ya vyuma, akaiweka karibu kabisa na kitanda. Nikinyoosha mkono niliweza kugusa ukingo wa kioo bila kuinua kichwa.

Mtu aliyenibadilisha mawazo alikuwa jirani yetu. Mlango wake ulitazamana na wetu. Alizaliwa nchini humu lakini alilelewa kambini Kakuma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, kikichanganyika na Kiarabu cha Juba kila alipotaka kuchekesha. Mume wangu akiwa kazini, yeye ndiye aliyekuwa akiniangalia. Alisaidia kuosha changarawe zilizoletwa kutoka ukingo wa mto, beseni baada ya beseni, mpaka maji yakatoka meupe.

"Samak ya kuangalia tu, dada? Mafi kupika, hakuna kupika?"

Nilicheka, na kicheko chenyewe kikanitia hofu, nikashika tumbo. Lakini tangu siku hiyo nilianza kusoma kwenye simu. Nilijifunza kwamba maji tunayoletewa na malori yana dawa, na dawa hiyo huua samaki, kwa hiyo yanapaswa kuachwa wazi kwenye pipa mpaka harufu iishe. Nilijifunza pia kwamba maji safi peke yake hayatoshi. Uchafu wa samaki hugeuka sumu, na sumu hiyo huliwa na vijidudu visivyoonekana, ambavyo huchukua wiki kadhaa kukaa na kuzaliana ndani ya changarawe na kwenye chujio. Ukitia samaki kabla ya hapo, unawatia kwenye sumu yao wenyewe.

Mume wangu alikuwa ameshaagiza. Alikuwa na rafiki dereva wa basi la Kampala, na huko Kampala alikuwa amepata muuza samaki. Nilipomwambia tungoje, alikasirika. Alisema amefanya yote hayo ili nipate kutazama samaki, na sasa nataka kulala hapo nikitazama maji matupu.

"Mimi nimezoea kungoja," nikamwambia.

Alitoka akaenda kukaa barazani. Nilijua nimemchoma pabaya, maana kungoja huko kulikuwa kwetu sote. Baadaye alirudi na simu, akanisikilizisha ujumbe wa sauti wa yule muuzaji. "Mzee, iko na haraka ya nini?" ilisema sauti hiyo kwa Kiswahili cha Uganda. "Hiyo maji mpya hajui kula mkojo ya samaki. Sikiza bibi yako." Mume wangu alichukua punje chache za chakula cha samaki, akazidondosha kwenye tangi tupu ili zioze na kuwalisha hao vijidudu. Kila jioni akawa anafanya hivyo.

Samaki walipokuja, basi lilikwama mpakani Nimule, na simu ya dereva ikazimika. Tulishinda tukiwaza jua lile. Hatimaye mume wangu aliingia na boksi la plastiki la kuhifadhia baridi, ndani yake mna mifuko ya nailoni iliyovimba hewa. Samaki mmoja alikuwa ameshakufa njiani. Wengine walikuwa gapi, samaki wadogo kama kidole cha mtoto, wenye mikia ya machungwa na buluu, pamoja na kambare mdogo wa kula mabaki ya chini. Tulikuwa tumeagiza wachache kwa makusudi, tuone kwanza kama maji yatawapokea. Aliiweka mifuko ielee juu ya maji mpaka joto likalingana, akawa anaongeza maji ya tangi ndani yake kidogo kidogo kwa kijiko. Nilimtazama uso. Alikuwa amekunja kipaji kama mtu anayepima gesi. Alipowaachilia walijificha wote nyuma ya majani yaliyopandwa kwenye changarawe, na hatukuwaona tena mpaka asubuhi.

Walipotoka mafichoni nikajikuta ninawajua mmoja mmoja. Kulikuwa na jike mnene aliyependa kusimama pale maputo ya hewa yanapopanda, na dume lenye mkia uliochanika ambalo halikuacha kumfuata. Siku zikaanza kwenda. Sikunyanyua shuka mara nyingi kama zamani. Ila jambo moja sikuwahi kulifanya: sikuzungumza na mtoto aliyekuwa tumboni. Jirani alinihimiza, akasema watoto husikia. Nilimwambia nitazungumza naye akija.

Kisha ikaja ile siku ya joto. Stima ilikatika asubuhi, na kipampu cha hewa cha tangi kikaendelea kwa betri. Mchana, mabati yakilia kwa jua, nilisikia sauti yake ikidhoofika, halafu ikanyamaza. Mume wangu alikuwa Gudele, juu ya paa la mtu, akifunga kiyoyozi. Simu yake haikupatikana. Nilimpigia jirani, na nikaisikia simu yake ikiita ndani ya nyumba yake, ng'ambo ya uwanja. Alikuwa ameenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, akaiacha.

Nusu saa ya kwanza nilijifanya sioni. Maji ya moto hayashiki hewa, hilo nilikuwa nimelisoma. Samaki wakaanza kupanda juu. Kwanza yule jike, halafu wote, vinywa vimegusa uso wa maji, wakivuta. Kikombe changu cha chai kilikuwa kwenye meza ileile. Nikakichukua, nikachota maji ya tangi, nikayamwaga kutoka juu ili yapige na kuingiza hewa. Nikachota tena. Wakashuka kidogo. Nilipopumzisha mkono, wakapanda.

Niliendelea. Ili nifike vizuri nilijiinua kwa kiwiko, nikaendelea. Maji yalikuwa yakirukia sakafuni na kwenye godoro, sikujali. Bega lilianza kuwaka. Ndipo tumbo likakaza.

Nilijiambia ni uchovu. Nikachota tena, nikamwaga, na tumbo likakaza mara ya pili, gumu kama mpira, nikakosa pumzi mpaka likalegea. Niliijua hali hiyo. Nilikuwa nimeikuta mara mbili maishani, na mara zote mbili nilijidanganya kwanza kwamba ni kitu kingine.

Nikakiweka kikombe mezani. Nikajilaza kwa ubavu wa kushoto, polepole, na kwa kuwa ubavu huo ndio uliotazama tangi, ilinibidi niwatazame samaki wakivuta hewa karibu na uso wangu. Dume lenye mkia uliochanika lilianza kuinama upande. Mkono wangu ulikuwa karibu na kikombe na sikuuinua. Nikafumba macho. Nikasikia mtu anasema, "Kaa. Kaa hapo ulipo. Usitoke," na nikatambua kuwa ni mimi, na kwamba sikuwa nikisema na samaki.

Sijui nilisema hivyo kwa muda gani. Tumbo lilikaza tena, likalegea, likakaza. Nilinyanyua shuka: imelowa, lakini nyeupe. Nikasikia geti, halafu viatu vya jirani uwanjani. Nilimwita kwa sauti niliyoweza.

Alipoingia hakuuliza mengi. Alinitazama usoni, akanishika tumbo, akangoja mpaka likakaza chini ya kiganja chake. Nilitaka kujaribu kuketi, nikamwambia labda atafute gari. Akasema, "Usiamke. Tungoje kidogo. Likizidi naita gari." Aliniletea maji ya kunywa, akanifanya ninywe mengi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkono mmoja akauacha juu ya tumbo langu. Kisha akaona tangi. Sikumwomba. Alikichukua kikombe kwa mkono wa pili, akaanza kuchota na kumwaga, akiimba chinichini wimbo wa kwaya yao, na kila tumbo lilipokaza alisimamisha kikombe hewani mpaka lilegee.

Muda ulizidi kurefuka kati ya kukaza na kukaza. Jua likaanza kushuka.

Mume wangu aliukuta mlango wazi. Alichokiona kwanza ni jirani ameketi kitandani na mkono tumboni pangu, godoro limelowa, na maji yametapakaa sakafuni. Mfuko wa vifaa ulimwanguka. Hakuingia. Alisimama pale kizingitini, na nilielewa anachodhani.

"Ni maji ya samaki," nikamwambia. "Ni maji ya samaki tu. Mtoto yupo."

Alikaa chini palepale, kwenye maji, na nguo zake za kazi. Alifunika uso kwa mikono. Jirani alimpisha, akatoka, akaurudisha mlango.

Nilipomweleza yote, aliinuka akaanza kuchomoa mipira ya kipampu. Alisema analitoa tangi nje usiku huohuo, hataki kuliona tena. Dume lenye mkia uliochanika lilikuwa limekufa, na wengine wawili. Jike na waliobaki walikuwa wamekaa chini kwenye changarawe, hoi.

"Liache," nikasema.

"Lingekuulia mtoto."

"Nilikiweka kikombe chini. Liache."

Akaacha kuchomoa. Mpaka siku hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa ametamka neno "mtoto" ndani ya chumba kile. Tulikuwa tukisema "hali yangu", tukisema "hii safari". Nadhani alilisikia neno hilo kama nilivyolisikia mimi. Akairudisha mipira mahali pake.

Kesho yake tulienda hospitali kwa gari la kukodi, likitambaa kukwepa mashimo. Daktari alinipima, akasema uzi umeshika. Alinipa dawa ya kutuliza tumbo, na alipojua nilivyojiinua kwa kiwiko alitugombeza kisawasawa, mimi na mume wangu pamoja.

Mume wangu aliongeza betri ya pili. Siku za joto akawa anagandisha maji kwenye chupa kwenye friji za wateja wake na kuja nazo jioni, akiziweka zielee kwenye tangi moja baada ya nyingine, akipima joto kwa kidole. Hatukuongeza samaki mpaka tulipohakikisha waliobaki wanakula. Kisha tukaleta wengine, kidogo kidogo. Nilikuwa ninazungumza na mtoto kila siku, nikimsimulia kilichokuwa mbele ya macho yangu: nani anamfukuza nani, nani amejificha, nani amepata chakula kwanza. Hofu haikuniacha. Ilikaa nami mpaka mwisho, lakini sikuwa tena nikilala na mtoto tumboni kama mgeni.

Alizaliwa kabla ya wakati wake, asubuhi yenye mvua, msichana mdogo aliyelia kwa hasira mpaka mkunga akacheka. Walimweka kwenye chumba cha joto kwanza, na ilichukua muda kabla hawajaturuhusu kumshika. Siku waliporuhusu, mume wangu ndiye aliyepewa. Alisimama katikati ya wodi, mikono imenyooka mbele yake, amembeba mtoto kama sinia, akiogopa hata kupumua. Akaniuliza amshikeje.

Nikamwambia akae chini kwanza.