Viunza vya Shangazi na Kaburi la Mfalme wa Misri

Ndugu zangu, kosa ni langu peke yangu, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Nimemwibia mwanamke aliyenilea. Tena nimemwibia kitu cha kaburini!

Mimi ni seremala hapa Bagamoyo. Mwalimu mmoja aliniletea picha ya kijumba alimozikwa mfalme wa Misri wa zama za kale: sanduku refu lenye paa la mteremko na milango ya komeo, ndani yake sanduku jingine, na jingine tena. Akataka nimchongee kidogo cha mfano, kipelekwe kwenye maonyesho Dar es Salaam. "Fundi, ukikiweza hiki, jina lako litafika mbali," akasema.

Kichwa kikanivimba!

Mbao mbichi zikanipasukia mara mbili, na siku zinakwisha. Ndipo nikakumbuka viunza vya shangazi.

Kiunza ni ubao wa kumfunikia maiti kaburini, udongo usimwangukie. Shangazi alikuwa navyo vinne, vya mvule mkavu, marehemu mumewe alivipasua na kuviranda kwa mkono wake. Aliviweka darini pamoja na sanda yake, kama mwingine anavyoweka nguo za Idi. Nikajiambia naazima tu, mvule mpya ukija kutoka Chalinze narudisha, hata hatajua. Nikavishusha yeye akiwa shambani Kaole.

Kijumba kilitoka kizuri, wallahi! Nilikipaka rangi ya dhahabu, na huko Dar es Salaam nikasifiwa. Nimemjengea nyumba mfalme aliyekufa zamani, shangazi yangu nikamvua paa lake.

Mvule haukuja. Homa ikaja, ikamlaza shangazi.

Siku ya tatu ya homa akaniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nishushie viunza vyangu, nivishike."

"Nimevipeleka kuvipiga randa, shangazi. Navileta sasa hivi."

Nikakimbilia karakana, nikavunja makasha ya bidhaa, nikaranda mbao zake. Kila aliyepita njiani nilidhani analeta habari ya msiba. Nikazibeba, nikamwekea kitandani. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena. Akapapasa ubao wa kwanza, polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Akapapasa wa pili. Mkono ukasimama.

"Hivi si vya mume wangu."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Basi. Usimwambie mtu, mwanangu, watakuvunjia heshima." Akaugeukia ukuta.

Kesho yake baada ya adhuhuri tukamzika. Watu wakaziona zile mbao mpya, wakanishika mkono: "Umemfanyia wema shangazi yako, Mungu akulipe." Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke nami niingie!

Tangu hapo, penye msiba husemwa mwiteni yule aliyemrandia shangazi yake. Naenda, naranda, wananiombea dua. Kila dua inanichoma.

Nawe unayesoma, alichojiwekea mzee kwa safari yake usikiguse, hata kwa kuazima, maana mauti hayana miadi. Na ukishakosa, taka radhi mapema, aliyekosewa angali anasikia. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda kile mchana kutwa, ulimi ninao, na sikusema "nisamehe."