Nyota Tano za Madinah

Latifah wa Arua alikuwa na mikono ya kusafisha, hilo hata adui yake habishi. Kochi lililomwagiwa mchuzi na harusi nzima, zulia lililokojolewa na watoto, akilisugua yeye unalala juu yake bila shuka. Lakini wateja wake, jamani! Majirani watupu. Wanamlipa kwa muhogo na "Mungu akuzidishie," na kinachozidi ni mgongo kupinda. Alichokitaka Latifah ni kazi moja tu yenye uhakika: ile nyumba ya wageni ya Koboko wanakolala watu wa mashirika, iliyokuwa ikitafuta msafishaji wa mwaka mzima.

Siraji, fundi wa simu, ndiye aliyemfungulia ukurasa wa mtandaoni. "Wenye pesa siku hizi hawaulizi majirani, mama," alimwambia. "Wanatazama sifa kwenye simu. Waambie watu wako wakuwekee nyota." Nyota ngapi? Siraji hakusema, na Latifah, mwenye kisimu cha tochi, hakuuliza. Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na kila siku hatuulizi.

Wa kwanza kuweka alikuwa Mwalimu Driwaru, aliyefundisha nusu ya mtaa. Aliona nyota tano zimepangwa, akagusa ile ya kwanza, kisha akawaeleza wenzake kwa sauti yake ya darasani: "Mmesahau mitihani? Aliyefaulu sana anapata daraja la kwanza. Namba kubwa ni ya aliyebaki nyuma." Nani ambishie mwalimu? Wote wakampa Latifah nyota moja, na chini yake maneno matamu kama asali.

Haya basi. Latifah akapanda gari kwenda Koboko, amejifunga gurbaba, kile kitambaa chake cha sikukuu. Moris, msimamizi wa nyumba ya wageni, akamgeuzia simu.

"Mama, hapa iko nyota moja moja tu. Moja ni mbaya kabisa. Tano ndiyo nzuri."

Latifah akagonga kioo kwa kidole. "Soma maneno, mwanangu! Wananisifu!"

"Bosi hasomi maneno. Anaangalia nyota." Kisha kijana akamwonea huruma. "Lakini iko mmoja amekupa tano. Madinah. Bosi anakuja sasa hivi, nitamwonyesha hiyo, kisha nitakupigia. Labda atakujaribu."

Madinah! Dada yake wa tumbo moja, anayekaa hapo hapo Koboko, na hawajasemeshana tangu msiba wa Yakubu, mume wa Madinah. Machozi ya furaha yalimtoka Latifah. Kumbe dada alijua! Kumbe damu kweli nzito kuliko maji! Akaenda moja kwa moja kumshukuru.

Madinah alifungua mlango, akamwona, akaanza kulia hata salamu bado.

"Umekuja kunigombeza kwa ile tano," alisema. "Ndiyo, niliona wanaokusifu wote wametoa moja, mimi nikakuweka wa mwisho. Siku ya arobaini ya mume wangu ulikuwa wapi, Latifah? Unasugua makochi ya watu! Nikasema ajue, kwangu mimi yeye ni wa mwisho."

Ilikuwa kweli. Latifah alikuwa akisugua makochi, na mwenye makochi alimlipa muhogo.

"Nisamehe, dada," alisema. Saa hiyo hata nyota hakuzikumbuka.

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Umekuja mwenyewe, yameisha. Kaa, nikuletee chai."

Madinah akaingia ndani. Alikawia kidogo, akarudi na chai mkono mmoja na simu mkono mwingine. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, kama ya marehemu mama yao. Latifah aliinywa polepole, akitafuta namna ya kumwomba dada yake aiache ile tano ilivyo bila kutonesha kidonda. Alikuwa bado anatafuta, simu yake ikalia.

"Mama, ile tano imeenda wapi?" Ilikuwa sauti ya Moris. "Bosi iko hapa, anaangalia. Sasa imekuwa moja!"

Latifah alimtazama Madinah, aliyekuwa amemgeuzia kioo cha simu aone, na anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ni dada yangu," Latifah alimjibu Moris. "Amenisamehe."