Ua Lile la Diwani

Mwalimu Pudensiana alifundisha Kiswahili sekondari hadi akastaafu, na mwanafunzi pekee aliyemshinda alikuwa mumewe Gabrieli, diwani wa zamani. Kwa Mpimbwe yule, aliyekulia lugha ya kwao, kila kitu kilikuwa "lile": ukuta lile, ufunguo lile. Mkewe alimsahihisha chumbani tu. Mbele za watu, heshima ya nyumba kwanza.

Hawakujaliwa mtoto. Nyumbani kwao Ilembo, ndani ya ua wa matofali, Pudensiana alilea gadenia. Kilikuwa kichaka cha kudeka. Jua la Septemba lilikibabua, maji ya kisima yaligeuza majani yake manjano. Akakijengea kivuli cha nyasi, akafunika shina kwa pumba za mpunga, akakinywesha maji ya mvua aliyokinga. Kilipochanua, wapita njia walisimama kunusa.

"Mwali wako huyu anatunzwa kuliko mimi," Gabrieli alikuwa akimtania.

Alipozidiwa, Gabrieli aliwaita ndugu zake, akanyoosha kidole dirishani. "Ua lile ni la Pudensiana. Mtu asimbughudhi."

Siku ya kumaliza matanga, mdogo wake Optatus alisimama mbele ya ukoo na majirani.

"Nyie wote mlimsikia kaka. Ua lile! Si lile pale linanukia? Shemeji achukue ua lake. Nyumba na kiwanja ni vya ukoo."

Watu wakaguna. Mzee Telesphor, mkubwa wa ukoo, akamgeukia mjane. "Shemeji, mwalimu ni wewe. Marehemu alitaka kusema ua ule, yaani hapa pote na nyumba yake, akakosea?"

"Diwani akosee Kiswahili?" Optatus akadakia. "Na hotuba zote zile?"

Vijana wakaanza kukonyezana. Pudensiana alijua fika kwamba mumewe alikosea. Angesema hivyo, nyumba ingebaki kwake, na jina la Gabrieli lingekuwa kichekesho vilabuni.

"Mume wangu alikijua Kiswahili," alisema. "Alisema ua lile."

Kesho yake alikichimbua kichaka na udongo wake, akakitia kwenye ndoo, akahamia chumba cha kupanga. Gadenia haipendi kusumbuliwa mizizi. Vitumba vikapukutika, kisha majani, yakabaki matawi makavu.

"Mwalimu, kuni hizo unazimwagilia za nini?" aliuliza Eufrazia, mpangaji wa chumba cha pili.

"Ni mali aliyoniachia diwani," akajibu, akaongeza maji.