Thacienne Alivyokwenda Kupumzika Nchi ya Furaha

Katika Waburundi wote wa Macquarie Fields, hapa Australia, na hata ukiwaongeza wa Minto, mtu anayeweza kuieleza safari ya Thacienne ni mimi, Révérien, mjomba wake. Yeye mwenyewe hawezi. Yeye aliisafiri tu, mimi ndiye niliyeielewa. Darasa la sita pale kambini Kigoma nililisoma mara mbili, wakati wenzangu walilipita mbiombio mara moja, kwa hiyo mambo ya dunia nayaona mpaka ndani.

Thacienne ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Kazi yake ni kwenye nyumba moja ya kulelea wazee huko Minto. Anatembea kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Anawageuza wazee wa Kizungu kitandani, anawaogesha, anawaimbia nyimbo za kwaya wasizozielewa, nao wanalala wakitabasamu. Mwenzake akiugua, yeye anashika shifti yake. Mwenzake akipona, yeye bado yupo. Jumapili asubuhi utamkuta kanisani Ingleburn, sauti ya kwanza, na jioni yuko kazini tena. Nyumbani kwake kuna kochi zuri la ngozi, na mtu pekee anayelijua kochi hilo ni mimi, maana mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, kule kwenye bohari la kuku waliogandishwa.

Mwaka jana supavaiza wake alimwita akamwambia likizo zake zimerundikana mpaka kompyuta inalalamika. Aende akapumzike, na hiyo ni amri.

Nikamwambia, "Vizuri sana, mwanangu. Nenda Bujumbura ukawaone ndugu."

"Mjomba, nimeambiwa nikapumzike."

"Sasa ndugu si ndiyo mapumziko?"

"Mara ya mwisho nilipumzika kwenye misiba miwili, harusi, na mashauri ya shamba. Nataka kwenda mahali ambapo sina ndugu hata mmoja."

Mahali hapo alipewa na Dechen. Huyu Dechen ni mwenzake kazini, anatoka Bhutani, nchi ndogo ya Kibudha iliyobanwa milimani kati ya Uhindi na Uchina. Huko alikuwa mwalimu, huku anasomea uuguzi na kuosha wazee pamoja na Thacienne. Ndiye aliyemwambia kwamba kwao serikali inapima furaha ya wananchi. Kweli kabisa! Watu wanatumwa nyumba kwa nyumba kuuliza: Unalala vya kutosha? Unasali? Unamwamini jirani yako? Ukiugua, nani atakuja?

Hapa Macquarie Fields mtu akigonga mlango na kuuliza unajisikiaje, ujue anatoka kampuni ya umeme na anataka uhame kampuni yako. Thacienne aliposikia kuna serikali inayomwuliza mtu kama amelala, nusura alie.

Akakata tiketi. Na hapo ndipo Dechen alipomshika mkono.

"Dada, kwa kuwa unakwenda, nina jambo dogo."

Mimi ningekimbia palepale. Thacienne alikaa.

Jambo lenyewe lilikuwa mtoto. Dechen alimwacha binti yake Pema, mwenye miaka saba, kwa mama yake huko bondeni Paro. Viza ya mtoto ilikwisha kutoka, karatasi zote zilikuwa tayari, lakini bibi alikuwa hajamwachia. Tena hakatai! Kila Dechen akilitaja hilo kwenye simu, mtandao wa Bhutani unakatika. Wakizungumzia mvua, unarudi. Dechen mwenyewe hakuweza kusafiri, alikuwa na mitihani. Kwa hiyo Thacienne aende akamwombe bibi uso kwa uso, na akikubaliwa arudi na mtoto. Kiti cha mtoto kwenye ndege kilikwisha kukatwa, kando ya kiti chake. Kikirudi kitupu, Dechen hakujua lini atapata nafasi nyingine.

Nilicheka mpaka mgongo ukaniuma. "Umekimbia ndugu wa Bujumbura, sasa umepata ndugu wa Himalaya!"

Basi akaenda. Kule mgeni hatembei ovyo, anapewa kiongozi wa kumzungusha, na serikali ya furaha inamtoza ada kwa kila usiku anaolala kwenye furaha hiyo. Kiongozi wake aliitwa Kinley, kijana aliyevaa joho lililofungwa kiunoni na soksi ndefu mpaka magotini. Alimwonyesha mahekalu. Alimwonyesha mji mkuu usio na taa za kuongoza magari, ambapo askari mwenye glavu nyeupe anayaelekeza kwa mikono, na Thacienne akasema yule angefaa kuongoza kwaya yetu. Alimwonyesha pia nyumba zenye michoro ukutani ya yale yanayofichwa na suruali, ambayo mimi, mzee wa kanisa, siwezi kuieleza hapa. Nilimwomba tu anitumie picha. Nyingi. Kwa uchunguzi.

Nje ya gari, Kinley alikuwa anaeleza jinsi wananchi wanavyoridhika na maisha. Ndani ya gari mlango ukishafungwa, alikuwa anauliza mengine.

"Madamu, ni kweli kwamba mzee mzito mnamgeuza watu wawili?"

"Ni kweli."

"Na Minto kuna vyumba vya kupanga?"

Maskini, naye alikuwa anasubiri viza ya Australia. Thacienne akamwuliza, "Kwani ninyi si mna furaha?"

"Tunayo, madamu," akajibu Kinley. "Ila imekuja bila ajira."

Siku moja kabla ya kuondoka, wakafika kwa bibi. Nyumba ya mbao, mbwa watatu wamelala mlangoni, pilipili zinakauka juu ya paa. Pema alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Bibi akamimina chai ya siagi na chumvi. Sasa, desturi ya kule ni kwamba mgeni akikaribishwa chakula, anaziba mdomo kwa mkono na kukataa. Anakaribishwa tena, anakataa tena. Mpaka abembelezwe ndipo anakula. Hayo ndiyo malezi bora. Lakini kwetu, ukikataa chakula cha mtu ni kama umemwita mchawi mbele ya wanawe. Thacienne akapokea kikombe mara moja, akakimaliza. Bibi akajaza. Akamaliza. Bibi akajaza. Mpaka Kinley alipomnong'oneza aache kikombe kikiwa kimejaa, tumbo lilikuwa limeshaanza kuelea.

Ndipo akauliza, Kinley akitafsiri: "Bibi, Dechen anaomba umpe mtoto nimpeleke."

Bibi akaziba mdomo kwa mkono, akatikisa kichwa.

Thacienne akaweka kikombe chini. Kwetu mkubwa akisema hapana, mwenye adabu harudii swali. Akaaga, akarudi hotelini, akampigia Dechen simu huku analia. "Nisamehe, dada. Mama amekataa."

 Dechen akauliza, "Umemwomba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Dada, yaani umemwomba mtoto kama mtu anayeomba kiberiti? Mama yangu angekubali mara ya kwanza, kijiji kizima kingesema alikuwa amemchoka mjukuu wake! Rudi!"

Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa garini, Thacienne alirudi. Bibi alikuwa ameketi palepale, na chai tayari. Safari hii Thacienne akaziba mdomo kwanza. Bibi akamtazama, akacheka, akampisha kwenye mkeka.

Akaomba mara ya pili. Bibi akakataa, lakini sasa akaongeza maswali.

"Unalala vya kutosha huko?"

Thacienne hajui kudanganya, ni ugonjwa wa familia ya baba yake. "Hapana, bibi."

"Binti yangu je?"

"Hata yeye."

"Jirani yako anaitwa nani?"

Thacienne akafikiri. "Ana gari jeupe," akasema.

Kinley alipotafsiri hilo, bibi alisikitika kama aliyepewa habari ya msiba.

"Ukiugua, nani atakuja?"

Hapo Thacienne akainua kichwa. "Aa, hapo, bibi, watakuja kwaya nzima. Watakuja na sufuria za maharage, watasali mpaka homa ione aibu, na hawataondoka hata ukipona."

Bibi akamgeukia Pema, akamtazama muda mrefu. Kisha akauliza la mwisho, polepole, na Thacienne anasema hata mbwa waliacha kujikuna: "Jioni, Dechen akiwa kazini, mjukuu wangu atakula na nani?"

Dechen hufanya shifti ya jioni. Thacienne pia. Ukisema kweli, jibu lilikuwa: na televisheni. Na mtoto aliyezoea kula na bibi yake kila siku ya maisha yake alikuwa anasubiri jibu nyuma ya nguzo.

Mimi nilikuwa kwenye lile kochi, mchana wa hapa, nimejifunika gazeti. Simu ikalia. Nikaona uso wa Thacienne, nyuma yake uso wa mama mmoja mwenye mikunjo, na katikati jicho moja la mtoto.

"Mjomba, utakula na Pema kila jioni?"

"Nini? Mimi ni mtu wa shughuli nyingi."

"Mjomba, utakula na Pema kila jioni?"

"Mwanangu, mgongo wangu unaujua. Na Kiingereza changu kinaishia kwenye kuku."

Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini Thacienne alikuwa amefundishwa dakika zilezile. Akasubiri kidogo, akauliza mara ya tatu, bila kupandisha sauti. Lile jicho la mtoto halikupepesa. Nami nikajisikia nasema, "Haya, basi. Ila maharage yasiwe na chumvi nyingi."

Watu hapa mtaani wanasema nilinaswa. Si kweli. Nilikuwa nafuata desturi ya Bhutani: nilikataa mara mbili kwa heshima. Desturi hiyo niliishika bila kufundishwa, jambo ambalo hata Kinley lilimshangaza.

Bibi naye akaombwa mara ya tatu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa pilipili kavu na koti la mtoto.

Kile kiti kikakaliwa. Na si hicho tu, ndege nzima ilikuwa imejaa. Thacienne anasema kila kiti kilikuwa na kijana wa Bhutani mwenye bahasha ya viza mapajani, wote wanakimbilia kulekule alikokimbia yeye. Mmoja alimwuliza kama Australia kuna furaha. Akamjibu, "Kuna shifti." Kijana akashukuru sana.

Likizo ikaisha hivyo. Thacienne alirudi amechoka kuliko alivyoondoka, na siku iliyofuata alikuwa Minto anamgeuza mzee, Dechen upande wa pili. Ila sasa anajua jirani yake mwenye gari jeupe anaitwa Omollo. Alikwenda kumgongea mlango na kumwuliza kama analala vya kutosha. Omollo akadhani ni mtu wa kampuni ya umeme.

Mimi, kila jioni, saa ya habari, mlango unagongwa: ni Dechen anamwacha mtoto akikimbilia shifti. Pema anaingia, anavua viatu, anavipanga. Ananiita "Mjomba" kwa Kiswahili, mengine yote kwa Kiingereza, nami namjibu mambo ya kuku. Nikimpa ugali anaziba mdomo kwa mkono, mpaka nimbembeleze, halafu anamaliza sahani mbili.

Tatizo ni chakula chake yeye. Dechen anamfungia kibakuli cha pilipili zilizopikwa kwa jibini. Si jibini yenye pilipili kidogo. Ni pilipili ndiyo mboga. Jana Pema alinisogezea. Nikaziba mdomo kwa mkono, nikakataa. Akasogeza tena. Nikakataa kwa moyo wangu wote, nikaonyesha tumbo, nikaonyesha mgongo, nikamtaja Mungu.

Akatabasamu, akasubiri kidogo kama alivyolelewa, akakisogeza mara ya tatu.

Nilikula. Machozi yalitiririka mpaka shingoni. Mtoto aliniangalia kwa furaha kubwa sana, ambayo mtu wa serikali yao, kama angepita jana hapa Macquarie Fields, angeipima.