Kilima cha Unga

Juzi, sokoni Katindo, muuzaji mmoja alisawazisha unga wangu kwa kiganja, na wivu wa utotoni ukanirudia.

Wakati wa vita papa yangu alikuwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, naye ndiye aliyegawa unga wa musaada. Parcelle yetu nzima, nyumba na uwanja wake, ilinuka mahindi na magunia mapya. Kwa Furaha, mutoto wa jirani, papa alijaza kopo mpaka likafanya kilima. Kwangu alilifuta kwa kiganja, kilima chote kikarudi katika gunia.

"Papa, na mimi uniongezee!"

"Inatosha. Peleka kwa mama yako."

Niliamini papa alimpenda Furaha kuliko mimi. Leo najua mustari muzima wa waliongoja unga ulikuwa unachungulia kopo letu tu, kuona kama shefu atapendelea mutoto wake. Hata hivyo, nikifika sokoni, natazama kwanza kilima cha mwenzangu.