Nilivyoupika mguu wangu wa kushoto huku nikilalamika maji ni baridi

Wakuu, Bunia, huku Kongo, inawasalimia.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na shahidi ninaishi naye nyumba moja. Nikidanganya hapa, nitajibu huko jikoni.

Ninaishi na VVU, mwaka wa saba sasa, na dawa natumia. Tena mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wanajua barabara ya Komanda, mimi najua ile ya kutoka kitini kwenda kitandani.

Basi miguu ikaanza mambo. Vidole vinawaka kama vimepakwa pilipili, mara sisimizi wanatembea ndani, mara ganzi. Shuka likigusa tu, naruka.

Nikajifanya daktari: hii ni kazi ya ARV. Nikaziacha kimya kimya. Kidonge mfukoni, maji matupu kinywani.

Siku ya nne miguu bado inawaka, lakini kichwa changu kigumu kilikuwa na afya njema.

Mke wangu, Mama Neema, hakujua. Yeye akaleta beseni. Huku kwetu kila kinachouma kinakandwa kwa maji ya moto na chumvi, hata kama ni mawazo. Tukaanza na mguu wa kushoto.

"Papa Neema, iko moto?"

"Moto gani? Iko baridi sana."

Akaongeza kutoka sufuria iliyokuwa kwenye makala, ndiyo makaa kwa Kiswahili cha huku.

"Na sasa?"

"Mama, weye unaogopa makala itaisha? Leta maji ya wanaume!"

Akaleta. Nimekaa kama chifu. Akatia mkono anisugue.

Wakuu, kelele aliyopiga! Majirani walikuja wakijua nimekufa. Kutazama chini, mguu una malengelenge kama maandazi. Mimi sikusikia kitu.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi akaniambia nifunge macho, pamba ikinigusa niseme.

"Nasikia!"

"Papa, sijagusa bado."

Nikangoja kidogo. "Hapo nasikia."

"Hapo nimegusa kitanda."

Akaniuliza kama dawa nakunywa. Mama Neema akanijibia, kifua mbele: "Huyu? Hajakosa hata siku moja!"

Hapo ndipo niliposikia maumivu. Nikatoa vidonge vinne mfukoni, nikaviweka mezani. Mama Neema akavihesabu kimoja kimoja.

Muuguzi akaeleza: mishipa ya fahamu imeumia, ndiyo maana nasikia moto usiokuwepo na ule uliopo siusikii. Virusi vyenyewe vinaweza kuiumiza, na baadhi ya dawa za zamani pia. Lakini kuacha ARV kwa akili yako ni kuviachia virusi nyumba na ufunguo. Nikapewa dawa ya kutuliza mishipa, na amri ya kukagua miguu kila siku.

Jioni ile nikameza kidonge. Mama Neema amesimama mbele yangu.

"Fungua kinywa."

Nikafungua.

"Inua ulimi."

Kidonda kimepona. Kuwaka kumepungua, hakujaisha. Somo nililopata: miguu ikikufanyia hivi, sema mapema kwa wanaokutibu, na maji ya moto apime mwenye mkono unaosikia.

Mliopitia haya, karibuni mchangie. Hasa wewe uliyewahi kumficha mkeo kuhusu dawa: ulisamehewa baada ya muda gani? Mimi ni mwezi wa tatu huu, na bado nainua ulimi.